Siku Nne za Kubisha Hodi

Walimwita Bi Waya, naye aliitika. Jina la kwenye vyeti lilikuwa limelala ndani ya faili la utumishi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuliamsha.

Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya hospitali kuu, mwisho wa ngazi, baada ya stoo ya magodoro. Nje jua lilichoma mpaka lami ikanata kwenye soli za viatu, na yeye humo ndani kavaa sweta, kwa kuwa seva hazipendi joto. Kabati tatu za chuma, taa ndogo za kijani zikipepesa, na feni zinazovuma kutwa kucha bila kumeza mate. Seva moja kati ya zile ilitunza majibu ya vipimo vya damu vya hospitali nzima, pamoja na vya vituo kumi na kimoja vya mbali. Kituo kikipima damu ya mtu, kompyuta ya kituoni inabisha hodi kwa seva. Seva ikisema karibu, majibu yanaingia, daktari wa ghorofa ya pili anayasoma, anaandika dozi, dozi inarudi kituoni na kuchapwa kwenye karatasi. Hodi ikikosa karibu, hakuna kinachokwenda wala kinachorudi.

Alikuwa ameanza kazi hospitalini hapo kama opareta wa simu, miaka kumi na tisa iliyopita. Kwenye ubao ule wa simu sikio lake lilisoma hadi likahitimu: kwa pumzi tu alijua kama mtu anaogopa, anadanganya, au haelewi alichoulizwa. Ubao ulipoondolewa, wenzake walihamishiwa mapokezi. Yeye akaomba afundishwe kompyuta, akashuka ngazi, na huko chini ndiko mvi zilikomkutia. Kazi yake ikawa kutengeneza kwa masikio vitu asivyoviona kwa macho. Alijivunia hilo, kimoyomoyo, kama mtu anavyojivunia sauti nzuri asiyoimbia watu.

Jumanne asubuhi, kituo cha saba kilibisha hodi kikakosa karibu.

Kituo cha saba kilikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi, nusu ya njia ikiwa vumbi. Kingine chochote kingeharibika angekiandika kwenye daftari na kukishughulikia kwa zamu. Lakini pale ndipo alipokuwa akipimwa baba yake, mwalimu mstaafu, ambaye miaka sita nyuma aliwekewa vali ya chuma, kilango cha kupitisha damu, moyoni. Mtu mwenye chuma moyoni damu yake hupunguzwa uzito kwa vidonge. Ikiwa nzito, huganda juu ya chuma na kumwangusha. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, huvuja ndani kwa ndani bila kupiga kelele. Kwa hiyo kila wiki Mwalimu alitolewa damu, na kila wiki dozi iliandikwa upya, na kituo kilimpa vidonge vya siku saba tu, vilivyohesabiwa. Mzunguko wa vidonge ulianza Jumamosi, na cha mwisho kilikuwa cha Ijumaa. Daktari wa damu alisaini dozi mpaka Ijumaa saa sita mchana, na baada ya hapo hadi Jumatatu hapatikani. Na dozi haikutolewa kwa simu. Mwaka mmoja namba ilisomwa kwa simu ikasikika sivyo, mgonjwa akatoka damu siku mbili. Tangu siku hiyo kanuni ilibandikwa ukutani kwa gundi isiyobanduka.

Akampigia karani wa kituo.

"Karani hapa, kituo cha saba."

"Kaka, za asubuhi?"

"Nzuri, Binti Mwalimu. Za huko? Shemeji yetu mzima? Watoto? Baridi ya huko shimoni bado inakula watu?"

"Wote wazima, kaka. Majibu ya baba hayajaingia."

"Hayajaingia, ndiyo. Mwalimu mwenyewe yuko hapa kwenye benchi, ananitazama kama vile sijafanya kazi ya nyumbani." Karani alikuwa na miaka hamsini na kitu, na alifundishwa na Mwalimu darasa la pili hadi la sita. Hofu ya darasa la pili ilikuwa haijamtoka. "Skrini inasema imeshindikana kuunganishwa na seva, jaribu tena. Nimejaribu tena. Ikaniambia nijaribu tena. Sasa sijui nani atachoka kwanza."

"Umezima ukawasha?"

"Nimezima, nimehesabu mpaka thelathini kama ulivyonifundisha, nikaongeza kumi za kwangu, nikawasha."

"Umegusa kitu chochote tangu jana?"

"Mimi? Hiyo mashine hata vumbi naifuta kwa kuipuliza."

Sikio la Bi Waya lilimpima, likaona anasema kweli. Akafungua daftari lake, ukurasa wenye orodha aliyoiandika mwenyewe: umeme, waya, njia, jina, neno la siri, saa, seva. Wakaanza juu. Umeme upo. Waya umeshika, taa yake inawaka. Njia ikoje? Akamwandikisha karani amri, herufi moja baada ya nyingine, ya kuitumia seva salamu nne tupu ili kuona kama zinarudi. Zikarudi zote nne.

"Zimerudi!" karani akasema. "Basi tumepona."

"Hatujapona. Maana yake sauti ya hodi inafika. Mtu yupo ndani, ila hataki kufungua."

"Huo ni ujeuri sasa."

Jina sawa. Neno la siri sawa. "Saa je? Kona ya chini, kulia. Inasomaje?"

"Saa tatu kasoro dakika tano."

Bi Waya akatazama saa yake ya ukutani. Saa tatu kasoro dakika tano. Akatia alama ya vema. Ilibaki seva, na seva ilikuwa ikivikaribisha vituo vingine kumi bila kusita. Orodha ikaisha, tatizo likabaki.

Jumatano alibadilisha neno la siri. Akamfuta karani kwenye kumbukumbu za seva kana kwamba hajapata kuzaliwa, akamsajili upya. Akalegeza ukuta wa ulinzi wa mtandao, akaukaza tena. Kila badiliko alimpigia karani, na kila simu ilianza na shemeji na watoto na baridi, na yeye akiuma meno akijibu, maana ukimkatisha mtu salamu umemvua nguo. Mara kumi na nne karani alibonyeza. Mara kumi na nne jibu lilikuwa lile lile, na karani alilisoma lote kila mara, mpaka nukta ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Kaka, ukiona ni yale yale niambie tu ni yale yale."

"Pengine safari hii wamebadilisha neno moja, mwanangu. Lazima tusome."

Kuingia mwenyewe kwenye kompyuta ile, aone skrini kwa macho yake, hakuweza: mlango wa kuingilia huko ulikuwa huo huo uliogoma. Simu ya karani ilikuwa ya vitufe, haina picha wala haijui picha ni nini. Mchana alifunga kisanduku kipya cha intaneti na waya mpya ndani ya boksi la glavu, akaenda nalo stendi, akalikabidhi kwa dereva wa basi la kwenda huko na kumsihi asiliweke chini ya magunia.

Mkuu wa kitengo alimkuta anarudi, jasho na sweta.

"Bi Waya, kuna vituo kumi na kimoja. Wewe siku mbili uko na kimoja."

"Ndicho kilichokatika, bosi."

"Kamba hukatikia pabovu. Mtandao wa kule ni mbovu, andika hivyo, tutapeleka mashine nyingine mwezi ujao." Akashusha sauti, nusu mzaha. "Au ni kwa sababu ya mzee? Mganga hajigangi, dada yangu. Mlete huku apimwe."

Kana kwamba hakuwa amekwisha kumwambia baba yake aje. Jioni ile ile alimpigia, akamwambia tena.

"Njoo, baba. Nitakukatia siti ya mbele."

"Mama," baba yake akajibu. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu akiwa mtoto, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake mzaa baba. "Mguu wangu umejaa maji kama kiriba. Kutwa nzima umekunjwa kwenye basi, nitashuka huko mzigo. Tena mnaniambia mtambo umefungwa kituoni ili wazee tusisafiri. Sasa mtambo umelala, wazee tusafiri. Hesabu gani hiyo?"

Mtambo ule aliupigania yeye. Alikaa kwenye vikao vitatu akisema kituo cha saba kiunganishwe, na watu walimtazama kwa jicho la *kwao huko*. Na wiki mbili tu zilizopita aliwapelekea printa ndogo ya kuchapa karatasi za miadi, ili karani aache kuziandika kwa mkono.

Alhamisi kisanduku kilifika, kikafungwa. Imeshindikana kuunganishwa na seva, jaribu tena.

Basi akafanya jambo ambalo hakulipenda. Aliomba ruhusa ya kuizima seva yenyewe na kuiwasha upya. Alipewa dakika kumi, akatumia ishirini na mbili. Mkuu wa maabara alishuka ngazi zote akiwa na glavu mikononi, akasimama mlangoni, akamuuliza kama anajua wodini kuna watu wanasubiri damu. Bi Waya alisema anajua. Aliambiwa basi afanye kama anayejua. Seva ilipoamka, vituo kumi viliingia kimoja kimoja kama watoto wanaorudi shule. Cha saba kikabaki nje.

Alipofika nyumbani mume wake alimuuliza vipi, akasema "yale yale", akacheka bila furaha kwa kujisikia anaongea kama karani. Hakumaliza chakula.

Ijumaa saa mbili alikuwa tayari chini, anafanya alichokuwa akikiogopa kwa jinsi kinavyochosha: kusoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Seva huandika kila anayebisha hodi na kila anayekataliwa. Maelfu ya mistari. Karibu saa nne akakuta ya kituo cha saba, mingi, yote ikiishia na namba ile ile ya kosa. Akaitafuta namba hiyo kwenye kitabu cha mtambo, kitabu kizito cha kuzuia mlango. Kitabu kilieleza kwamba kila mteja, yaani kompyuta inayobisha, hubisha hodi akiwa na tiketi, na tiketi inaweza kukataliwa kwa sababu tano. Nne alikuwa amekwishazifuta kwa mikono yake. Ya tano ilikuwa hii: saa ya mteja na saa ya seva zikipishana zaidi ya dakika tano, tiketi huhesabiwa kuwa ya mwizi.

Saa. Lakini saa aliiuliza siku ya kwanza kabisa. Ipo kwenye daftari, ina vema.

Akapiga simu. "Kaka, samahani, leo bila salamu. Saa kwenye kona. Inasomaje?"

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

Akatazama ukutani. Saa nne na dakika kumi na mbili.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. "Haiwezekani!" akapiga kelele, na kelele ikazunguka kabati za chuma ikamrudia. "Soma vizuri, kaka! Siku nne nakuuliza, siku nne unanijibu tu! Baba yangu amebakiwa na kidonge kimoja!"

Karani akajibu kwa sauti ya mtu aliyeumia: "Binti Mwalimu, matusi ya bure hayo. Kusoma saa najua. Baba yako ndiye aliyenifundisha, kwa saa ya boksi na mishale ya waya. Tena yuko hapa. Muulize."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Zamani kwenye ubao wa simu, msimamizi wao hakuwaruhusu kupokea namba kwa ujumla wake. Mtu akisema "arobaini na mbili" ulimwambia ataje tarakimu, moja moja. Alikuwa na miaka mingi hajafanya hivyo. Aliliamini sana sikio lake.

"Nisamehe, kaka. Nimechoka. Usinisomee saa. Nitajie tarakimu tu, moja moja, kama unavyoziona, hata kama ni upuuzi."

"Haya. Sifuri."

"Sifuri?"

"Sifuri. Nne. Vinukta viwili. Moja. Mbili."

Bi Waya akageukia skrini yake mwenyewe, kona ya chini, kulia. Moja, sifuri, vinukta viwili, moja, mbili. Akazitazama tarakimu zile mpaka zikafifia.

"Kaka," akasema polepole, "kompyuta yako inaonyesha saa nne. Yangu inaonyesha kumi."

"Sasa kumi si alasiri? Yako ndiyo mbovu."

"Zote hapa kwetu huonyesha kumi, kaka. Mashine duniani kote zinahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Nani ameibadilisha?"

"Nimeisahihisha mimi," karani akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Jumatatu."

"Nilikuuliza kama umegusa kitu!"

"Kugusa na kusahihisha ni mamoja? Saa ya ukutani ikikosea unairekebisha, hutangazi. Sikiliza, mwanangu. Ile printa yako inachapa siku ya kurudi na saa ile ile mtu aliyohudumiwa. Mwalimu wiki iliyopita alihudumiwa asubuhi, saa tatu. Karatasi ikaandika saa tisa. Yeye Jumatatu kaja saa tisa, alasiri, na mguu ule, kwa miguu, kakuta kipimo kimefungwa. Hakuwa peke yake, walikuja sita. Nilisemwa siku ile! Mwalimu akaniambia mbele ya watu, 'Saa yako inasema uongo, kijana.' Kijana, mimi, mwenye wajukuu. Nikaingia ndani nikaiweka sawa. Mashine ikawa inajirudisha kwenye uongo wake, nikatafuta mpaka nikaizima hiyo ya kujirudisha. Tangu hapo kila mtu anakuja kwa wakati."

Bi Waya aliweka paji la uso juu ya kitabu kizito. Alitaka kumkasirikia na hakupata pa kumshika. Mtu alimwona mzee amekosa miadi, akatengeneza kilichokuwa mbele yake. Printa aliituma nani? Nani aliyeipanga ichape saa ya mashine kwa watu wanaoanza siku saa moja? Na nani aliyeuliza saa kwa lugha ambayo jibu lake lingekuwa sahihi daima, hata kosa likiwa la saa sita nzima? Hasira ya siku nne ilizunguka ikitafuta mwenyewe, ikamkuta kavaa sweta.

"Bonyeza hapo kwenye saa," akasema. "Palipoandikwa weka muda kiotomatiki. Washa."

"Itarudi kwenye uongo."

"Irudi, kaka. Tafadhali."

"Na karatasi za watu?"

"Leo andika kwa kalamu. Jumatatu nitaibadilisha printa ichape saa tatu asubuhi, kwa maneno. Nakuahidi."

Mlio wa vidole, pumzi za karani. "Imeruka. Sasa inasema kumi na kumi na tisa. Haya, nabisha." Kitufe kikalia. "Binti Mwalimu, wamebadilisha maneno."

"Soma."

"Umeunganishwa. Majibu thelathini na nane yanatumwa."

Hakusubiri yaishe. Alipanda ngazi mbili mbili, stoo ya magodoro, ukumbi, ghorofa ya kwanza, ya pili, sweta mwilini kwenye joto lile, watu wakimpisha wakidhani kuna moto. Daktari wa damu alikuwa wodini, katikati ya mzunguko wa vitanda. Bi Waya alisimama mbele yake akihema na kusema kituo cha saba kimeingia, mgonjwa wa kwanza kwenye orodha ana vali, na majibu yake hayajasomwa tangu Jumanne.

"Nikimaliza hapa," daktari akasema.

"Saa sita unafunga, daktari. Nitasimama hapa."

Alisimama. Wagonjwa wanne, mmoja mmoja, kila mmoja na maswali yake. Saa tano na robo daktari aliketi mbele ya skrini, akasoma, nyusi zikapanda.

"Huyu damu ilikuwa nyepesi mno tangu Jumanne. Amekuwa akimeza kimoja kizima siku zote hizi?"

"Ndiyo."

"Cha leo?"

"Sijui."

Daktari alikuwa tayari anaandika. "Nusu. Leo na kesho na keshokutwa, nusu. Jumatatu apimwe tena. Na kama amemeza cha leo, asimeze kesho. Aambiwe akiona damu popote, fizi, mkojo, popote, asingoje."

Alipiga simu pale pale kwenye korido, mgongo ukutani.

"Kaka, mpe baba simu."

"Karatasi inatoka sasa hivi, inaandika nu…"

"Mpe baba simu!"

Simu ikabadilisha mikono. "Mama. Nasikia mimi ndiye niliyevunja mtambo."

"Baba, umemeza cha leo?"

"Hujanisalimia."

"Shikamoo, baba. Umemeza?"

"Marahaba. Bado. Ninacho hapa, kwenye mfuko wa shati. Muuguzi alisema ningoje karatasi, nami nikasema nitangoja mpaka saa sita, baada ya hapo nitameza, maana sina jingine."

Bi Waya akateleza na ukuta taratibu mpaka akakaa sakafuni. Mfagiaji akamzunguka na ufagio wake bila neno.

"Nusu, baba. Si kizima. Umesikia? Nusu."

"Nimesikia, si kiziwi. Karani, niletee kisu. Kile cha kukatia plasta. Kifute kwanza."

Alisikia benchi likilia, kisu kikigonga meza, karani akisema kikate katikati, Mwalimu, na Mwalimu akimuuliza tangu lini anafundishwa nusu. Kisha mlio mdogo mkavu, kidonge kikikatika.

"Kimekatika sawa?" akauliza.

"Upande mmoja umezidi kidogo."

"Meza mdogo."

"Nameza mdogo, mama. Maji yako wapi, Karani?"

Akangoja na simu sikioni, akisikiliza maji yakimiminwa kwenye kikombe, na koo la baba yake likimeza, mara moja, na mara ya pili.